Kipandauso na mimba, mlikuwa mnameza nini wenzangu?

binti_wa_kibaha: Habari zenu wapendwa, nina mimba ya wiki 14 na kipandauso ninacho tangu niko sekondari. Zamani nikianza tu kuona vile vimulimuli nilikuwa nameza Diclopar najifungia gizani, nikiamka niko fresh. Sasa juzi kimenishika niko kazini nikatapikia ndoo ya dekio mbele ya wateja jamani aibu, mama mkwe anasema ni mimba changa nivumilie tu, duka la dawa nao hawaulizi kitu, ukitaja dawa unapewa. Aliyepitia hii anisaidie.

nesi_wa_zamu: Pole mdogo wangu. Diclopar achana nayo, ina diklofenaki. Hiyo na ibuprofeni hatuzitaki kwa mjamzito bila daktari kuandika, na kuanzia wiki ya 20 ndo kabisa, zinaweza kugusa figo za mtoto maji ya uzazi yakapungua. Meza paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500, mapema ukiona tu vimulimuli, ukichelewa utaitapika yote. Kurudia ni baada ya masaa 6. Dawa za kipandauso zenye ergotamini usiguse, zinabana mfuko wa uzazi. Na hicho kichwa usikipe jina la kipandauso kila mara, kikija na homa kapime malaria.

mzee_wa_tandika: Bibi yetu alikuwa anajikaza kanga kichwani na kahawa chungu, kazaa tisa 😂

mamaJ_2: Kanga haina shida babu, kahawa ndo apunguze, kikombe kimoja viwili basi. Dada mi nimebeba mimba mbili na kipandauso, kilinitesa miezi mitatu ya mwanzo halafu kikatulia chenyewe, wengi huwa hivyo, ila nilipojifungua kikarudi kwa fujo, hulali, huli vizuri, mtoto analia, kitakuachaje. Kilichonisaidia ni kutokukaa na njaa, nilikuwa natembea na karanga kwenye pochi. Kuna mtu kazini alikuwa anatumia valproeti ya kuzuia kipandauso, hiyo ni hatari kwa uti wa mgongo na ubongo wa mtoto, kama unayo mwone daktari kesho. Ila wenye kifafa wanaotumia hiyohiyo msije mkaiacha kienyeji mkaanguka, nendeni mkabadilishiwe.

nesi_wa_zamu: Umesema kweli mamaJ. Naongezea, mimba ikivuka wiki 20 kichwa kikauma tofauti na ulivyokizoea, macho yanaona ukungu, uso unavimba, au maumivu chini ya mbavu, usimeze kitu ukalala. Nenda hospitali hata usiku wapime presha na mkojo. 140/90 kwenda juu hatuchezi nayo, huko ndo kifafa cha mimba kinakotokea. Wenye kipandauso ndo wanachelewa sababu wanajua ni kilekile.

binti_wa_kibaha: Asanteni sana, Diclopar nimempa mume wangu aifiche. Swali dogo, nina pumu pia na mama mkwe kaniambia niache pampu mpaka nijifungue 🙈

nesi_wa_zamu: Haaa! Pampu usiache hata siku moja, wewe ukikosa hewa na mtoto kakosa. Kliniki inayofuata nenda na dawa zako zote kwenye mfuko, wazione, na mama mkwe umbebe asikie mwenyewe.