Ukoo wa Mwaloni: domeni ya Mjomba imepata wateja

Mjomba Rashidi: Asalaam alaikum wote. Nimepata barua pepe mbili za watu wanaotaka ile domeni yangu ya dagaa. Mmoja anatoa dola 18,000, mwingine 1,500. Usiku huu namjibu wa kwanza. Asha uko hewani?

Hamisi: Waalaikum salaam Mjomba. ELFU KUMI NA NANE?? 😳 Naomba nitambulike rasmi kuwa mpwa mpendwa

Mama Mkubwa Tatu: Domeni ndo nini tena

Hamisi: Lile jina la tovuti Mama, la dagaa dot com. Mjomba alilikata 2007 akiwa bado na meza yake pale Mwaloni Kirumba, akasema atauza dagaa kwa intaneti mpaka Lubumbashi

Mama Mkubwa Tatu: Aaa lile. Lile nalijua vizuri sana. Endeleeni

Asha: Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama. Mjomba tafadhali usijibu mtu kwanza. Tupia picha za hizo barua.

*[Picha 2]*

Asha: Huyu wa 18,000 ni tapeli.

Mjomba Rashidi: Mbona kaandika kistaarabu? Na bei kaitaja mwenyewe, mimi sijaomba.

Asha: Ndo mtego wenyewe huo. Soma pale chini. Anasema pesa iko tayari ila anataka kwanza "cheti cha thamani", na si cha mthamini yeyote, ni wa kwenye kile kiungo alichokuwekea yeye. Ukienda pale unalipia cheti, cheti kinakuja kizuri, kina muhuri, halafu yeye humuoni tena. Mthamini na mnunuzi ni mtu yule yule. Utapeli wa zamani huu, kwenye biashara ya majina kila mtu anaujua. Mnunuzi wa kweli hakutumi ukathaminishe mali yako, hesabu zake kashapiga.

Hamisi: Kumbe kama dalali anayekudai hela ya kwenda kuonyeshwa kiwanja chako mwenyewe 😂😂

Mjomba Rashidi: Ila cheti ni dola 95 tu

Mama Mkubwa Tatu: Rashidi.

Mjomba Rashidi: Nauliza tu dada

Asha: Sasa huyu wa 1,500 ndiye wa kumsikiliza. Barua mistari minne. Anasema yeye ni dalali, ana mteja, mteja hamtaji, anauliza kama domeni inauzwa. Wenye nia ndivyo wanavyokuja. Wanaanzia chini na wanaficha sura, maana ukijua nyuma yake kuna kampuni yenye hela bei inapanda hapo hapo.

Hamisi: Mjomba 1,500 usiiguse! Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Chat.com jamaa mmoja Marekani aliinunua 2023 kwa milioni 15.5 na mwaka uliofuata ikawa ya OpenAI. Sisi tunabembeleza hela ya bodaboda?

Asha: Hamisi tulia. Hayo ni maneno ya Kiingereza, kila kampuni duniani ingeyapenda. Letu linamfaa mtu anayeuza dagaa kwa watu wanaojua dagaa ni nini. Wanunuzi wake ni wa kuhesabu. Ila ni .com, neno moja, herufi tano, na ukilitaja kwenye simu hakuna wa kukuuliza linaandikwaje. Kwa 1,500 mimi nisingeuza.

Mama Mkubwa Tatu: Na hiyo kampuni ikisema jina ni lake? Wasije wakatuburuza mahakamani uzeeni

Asha: Swali zuri Mama. Kuna bwana Marekani aliitwa Uzi Nissan, ni jina la ukoo wao kabisa. Alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa ajili ya biashara yake ya kompyuta. Mwaka 1999 kampuni ya magari ikamshitaki, ikidai dola milioni 10. Kesi ilienda miaka na miaka, na jina halikutoka mkononi mwake mpaka alipofariki 2020. Lakini hela ya mawakili ilimtoka kweli kweli. Kwetu hali ni nyepesi zaidi. Dagaa ni dagaa, si chapa ya mtu. Na hata anayekwenda kulalamika kule WIPO, shirika la haki miliki la Umoja wa Mataifa, Geneva, lazima aonyeshe mambo matatu: jina linafanana na chapa yake, wewe huna haki nalo wala sababu halali ya kuwa nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Mjomba alilisajili akiwa anauza dagaa. Nia mbaya iko wapi?

Hamisi: Labda kwa dagaa wenyewe

Mjomba Rashidi: 😂 Haya. Basi huyu wa pili nimwambie 18,000?

Asha: Bei ya tapeli si bei ya soko Mjomba. Mwandikie hivi: domeni sijaiweka sokoni, 1,500 iko mbali mno, kwa 12,000 tunaweza kuzungumza. Basi. Usiandike unadaiwa ada ya mtoto, usiandike una haraka. Moyoni jua utashukia wapi.

Mjomba Rashidi: Nitashukia

Asha: USITAJE HUMU 🙏🏽 Kikundi hiki kina watu hata siwajui

Mjomba Rashidi: Sawa sawa. Akikubali anarusha kwa M-Pesa?

Asha: Hapana. Mnatumia kampuni ya kati, kama Escrow.com. Mnunuzi anaweka pesa kwao, wao wanakuthibitishia imeingia, hapo ndipo unaachia jina. Akishalipokea na kukiri, wanakutumia chako. Na hiyo anwani uiandike kwa mkono wako, usibonyeze kiungo alichokutumia mtu, kurasa za bandia ziko tele. Gharama yao mnaelewana nani anabeba.

Ila kuna la haraka zaidi. Kwenye akaunti ya msajili, ile kampuni unakolipia jina, kuna barua pepe gani?

Mjomba Rashidi: Ile ya zamani. Nywila sikumbuki

Asha: Basi hiyo ndiyo kazi ya kesho asubuhi. Namba ya siri ya kuhamishia jina unaitoa kwenye hiyo akaunti. Bila hiyo hatuna cha kuuza. Na taarifa za mmiliki usizibadilishe kiholela, ukigusa jina la mmiliki domeni inaweza kufungwa isihamishwe siku 60, mnunuzi akapoa. Muda wake unaisha lini?

Mjomba Rashidi: Mwezi ujao nadhani

Asha: Lipia leo. Ikipitiliza ikaingia kipindi cha kukomboa ada inakuwa kubwa, na usipoikomboa inafutwa, yeyote anaidaka. Huyo dalali anasubiri hilo hilo, ataipata bila kukulipa senti.

Mama Mkubwa Tatu: *[Picha 4]*

Hamisi: Hizi risiti za nini Mama? Zimefifia, naona muhuri wa steshenari tu

Mama Mkubwa Tatu: 2013, 2014, 2015, 2016. Rashidi alipokuwa Kahama hana kitu, alinipigia akasema dada jina langu linapotea. Nikawa naenda kwa yule kijana wa steshenari, analipa kwa kadi yake, mimi nampa taslimu na cha juu. Nimezitunza kwenye kopo

Asha: Mama!! Usizitupe, ni ushahidi kwamba jina halijawahi kutoka kwetu

Mjomba Rashidi: Dada lakini nilikurudishia

Mama Mkubwa Tatu: Ulinirudishia gunia la dagaa. La mwaka mmoja. Na nusu mchanga

Hamisi: Mbia amejitokeza 🍿

Mjomba Rashidi: Unataka ngapi dada

Mama Mkubwa Tatu: Robo

Mjomba Rashidi: Robo ya 1,500?

Mama Mkubwa Tatu: Ya ile uliyokatazwa kuitaja