Shule na vikundi vya kijijini kwetu vilianzaje? Wazee wa Songea naomba msaada

Mtafutachimbuko:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni wa vijiji vya huku Songea, shule yetu inataka kuandikiwa historia na kwa vile kwenye kikao nilijifanya mjuaji basi nikabebeshwa kazi yote. Ofisini nimekuta daftari moja la mahudhurio limeliwa na mchwa, kurasa za mbele hakuna kabisa yani linaanzia katikati ya majina. Babu alikuwa anasema kulikuwa na shamba la kijiji, kikundi cha akina mama halafu shule. Sasa kipi kilitangulia?

Mkale58:
Mjukuu, usianzie kwenye operesheni vijiji ya miaka ya 70, ile ya kuhamishia watu vijijini, kama wengi wanavyofanya. Huko kwenu kuna watu walijipanga wenyewe kabla hata ya Azimio la Arusha. Uliza habari za kijiji cha Litowa. Vijana wa TANU akina Ntimbanjayo Millinga waliingia porini mwaka 1960, mara ya kwanza wakashindwa wakarudi tena, baadae vijiji vikaungana vikaitwa RDA, yaani Ruvuma Development Association. Walilima pamoja, wakawa na mashine yao ya kusaga, na shule yao mtoto anasoma na jembe analishika, tena hiyo ni kabla Mwalimu Nyerere hajatoa Elimu ya Kujitegemea 1967. Septemba 1969 chama kikaipiga marufuku RDA. Mpaka leo ukiniuliza mimi nakwambia tulikata mti uliokuwa unazaa.

MamaNgonyani_:
Shikamoo mzee Mkale. Mimi ni wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, lile azimio la Musoma la 1974 kwamba ikifika 1977 kila mtoto awe shule, basi watoto tukajazana darasa halina hata dirisha. Mwalimu wetu alikuwa kamaliza la saba tu mwenyewe akapigwa kozi huku anafundisha, na alikuwa mkali huyo! Tofali tulibeba sisi, kila asubuhi unapita mtoni na ndoo kichwani ndo uingie darasani, mkisahau maji fundi anakaa bure na nyie mnachezea fimbo. Ila asikudanganye mtu kijana wangu, uji wa mafundi na unga vilitoka kwa akina mama, na wala hawakuandikwa kokote.

Chapakazi:
Mkuu tafuta pia mihutasari ya halmashauri ya kijiji, sheria ya vijiji ni ya 1975 kwahiyo kuanzia hapo lazima kuwe na makaratasi, labda kama mchwa wamemaliza nayo 😂

Mtafutachimbuko:
Shikamooni wazee wangu wote, asanteni sana. Mama Ngonyani umenishtua asee. Nimerudi ofisini leo nikaligeuza lile daftari kichwa chini, kumbe kwa nyuma kuna mwandiko mwingine kabisa! Majina kumi na moja, yote ya wanawake, mbele ya kila jina debe za mahindi na nani kalipa nani bado. Jina la nne ni la bibi yangu, anadaiwa debe moja na nusu.

MamaNgonyani_:
Mkalipie 😂😂