Alaimenti ya Impreza GDB kwa mbio za lami: kemba na too nipange ngapi?

BoxaKiambu

Wadau, gari ni Subaru Impreza STI ya GDB (msimbo wa bodi), springi zimeshushwa mm 30, tairi 225/45 R17. Jumatatu hadi Ijumaa ni la kazini, lakini lengo ni mbio za muda kwenye lami kama KiambuRing. Kona za kasi pua inasukuma nje, na bega la nje la tairi za mbele linaisha haraka kuliko sehemu nyingine. Karatasi ya alaimenti inasoma: mbele kushoto kemba (tairi linavyoinama; hasi ni juu kuelekea ndani) -0°40' (yaani dakika 40, na dakika 60 ni digrii moja), kulia -1°10', too (pua ya tairi inavyoelekea ndani au nje) 0°12' ndani kila upande. Nyuma kemba -1°30' pande zote, too 0°05' ndani. Gereji wanasema kila kitu ni kijani kwenye skrini. Nipange ngapi, na je, too naweza kuipanga nyumbani kwa uzi?

FundiPembe

Kijani cha skrini maana yake gari liko ndani ya viwango vya kiwanda, na viwango hivyo viliwekwa ili gari liende salama kwa dereva yeyote. Kwa mbio havitoshi.

Usipange chochote kabla ya kukagua uchakavu. Inua mbele, shika tairi juu na chini, tikisa: likicheza ni boljointi (kiungo cha mpira wa chuma) au beringi. Shika kushoto na kulia: likicheza ni tairodi (fito ya usukani). Kisha ingiza mtaimbo kwenye bushi (raba) ya nyuma ya amu ya chini, mkono unaounganisha tairi na gari. Hiyo ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu gari likisimama namba zinasomeka vizuri, ukikanyaga breki amu inarudi nyuma na too inabadilika.

Sasa sababu ya pua kusukuma. Mbele ni MacPherson, yaani shokapu lenyewe ndilo linaloshika tairi kwa juu, hakuna amu ya juu. Ukishusha springi, ncha ya nje ya amu ya chini inapanda ikawa sawa na ile ya ndani, au ikaipita. Hapo springi ikiminywa kwenye kona, kemba haiongezeki tena upande wa hasi, na bodi nayo inalalia nje. Digrii yako moja hivi inaisha yote, tairi linabaki kusimama kwa bega. Ndiyo maana kushusha gari bila kurekebisha kemba mara nyingi hulifanya lipinde vibaya kuliko lilivyotoka kiwandani.

Anza na hizi: mbele kemba -2°30', too sifuri. Nyuma acha -1°30' ilivyo, too ndani mm 1 kila upande. Nyuma usiiweke too ya nje hata kidogo kwenye barabara yenye kona za kasi; ukiachia mafuta katikati ya kona, mkia unakuja.

Bolti ya juu inayoshika shokapu na nako (chuma kinachobeba habu ya tairi) mbele ni ya yai tangu kiwandani. Ukiizungusha mpaka mwisho utapata pengine -1°30' kwa urefu wako wa sasa. Zilizobaki zinahitaji bamba za kemba juu ya shokapu. Tofauti yake ni hii: bolti inainamisha nako, hivyo tairi linasogelea shokapu, na lazima ubakize angalau mm 5 hapo. Bamba linainamisha shokapu lenyewe pamoja na tairi, nafasi ile haibadiliki.

Tofauti yako ya 0°30' kati ya kushoto na kulia isikufanye ukimbilie bolti. Angalia kwanza kama krosimemba ya mbele (fremu ya chuma inayoshika amu za chini) imehama upande mmoja. Ikihama, upande mmoja unapata kemba ambayo mwingine umeipoteza.

UziNaRula

Too kwa uzi inawezekana, na ukiwa makini inashinda mashine ambayo haijakaguliwa muda mrefu.

Sakafu iwe sawa: pima kwa bomba la mpira mwangavu lenye maji, tofauti ziba kwa vipande vya bati chini ya tairi. Jaza tairi upepo wa mbio, mafuta nusu tangi, na mzigo wa kilo zako kwenye kiti cha dereva. Chini ya kila tairi weka vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati, ili tairi liteleze lisijikaze. Funga usukani ukiwa umenyooka.

Chukua mabomba mawili yenye urefu sawa kabisa, moja mbele ya gari na jingine nyuma, yote marefu kuliko upana wa gari. Kata alama za uzi kwa umbali uleule kwenye yote mawili, kisha vuta nyuzi mbili kwa usawa wa katikati ya habu. Sogeza mabomba mpaka umbali wa uzi hadi habu za mbele ulingane kushoto na kulia, na wa nyuma vivyo hivyo. Mbele na nyuma hazitalingana zenyewe kwa zenyewe, usihangaike nazo. Usipime kutoka kwenye bodi, bodi huwa imepinda.

Pima uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu ukingo wa nyuma. Mbele kukiwa mbali zaidi, too ni ya ndani. Rimu ya inchi 17 ina karibu mm 470 ukingo hadi ukingo, kwa hiyo 0°12' yako ni kama mm 1.6 kila upande, zaidi ya mm 3 jumla. Hiyo ni nyingi. Kemba nayo unaipata kwa timazi kwenye rimu hiyohiyo: kila digrii ni mm 8.2 kati ya juu na chini, basi -2°30' ni mm 20.5.

Utaratibu: kemba kwanza, kisha too ya nyuma, mwisho too ya mbele. Ukigusa kemba baada ya too, too imeharibika. Kwenye tairodi legeza loknati na kibano cha buti la reki, la sivyo buti linajisokota na kupasuka. Zungusha pande zote mbili kwa kiasi kilekile, robo mzunguko kwa robo, usukani usihame katikati.

BoxaKiambu

Asanteni sana. Kwa -2°30' tairi zitafika mwezi nikiwa natembelea mjini?

FundiPembe

Kinachokula tairi hasa ni too. Kwa kemba hiyo na too sifuri tairi zitaliwa ndani polepole; zikifika nusu zigeuze kwenye rimu ili upande wa ndani uwe nje, kama hazina mwelekeo maalumu wala upande maalumu wa nje. Ukiongeza too ya nje mm 3, utaona nyaya za ndani mapema mno.

Weka alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti ya yai. Ukigonga shimo au tuta kwa kasi huwa inateleza. Alama ikihama, usiende mbioni kabla ya kupima upya.

JotoLaTairi

Nyongeza moja. Ukitoka tu kwenye mzunguko wa kasi, pima joto la tairi la mbele kwa kipimo cha sindano, ndani, katikati na nje. Ndani ikizidi nje kwa nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi, kemba iko sawa. Nje ikiwa moto zaidi, ongeza kemba kwa 0°30' na upime tena. Katikati ikizidi zote mbili, hilo ni suala la upepo, punguza kabla ya kugusa bolti yoyote.