Dk. Salim Ahmed Salim na hili neno "Hizbu": mpaka lini jamani?

Assalaam alaykum. Nina hasira na sizifichi.

Kila likitajwa jina la Dk. Salim barazani, hakosekani mtu wa kudakia, "Ah, yule si Hizbu yule!" Yaani mtu wa ZNP, chama cha Zanzibar kilichokuwa serikalini kabla ya Mapinduzi ya 1964. Na wanaosema hivyo siku hizi si wazee walioonja machungu ya zama za siasa. Ni vijana waliozaliwa vyama vingi vishaanza. Wamelitoa wapi neno hilo? Kwetu sisi, majumbani mwetu.

Haya, tuseme ukweli wote. Ujanani alikuwa Hizbu, kama vijana wengi wa rika lake. 1963 kina Abdulrahman Babu wakajitoa wakaunda chama cha Umma, naye akawa pamoja nao. Umma wakasimama na Afro-Shirazi (ASP) kwenye Mapinduzi, kisha chama chao kikaingia ASP. Mwaka huohuo wa Mapinduzi, 1964, huyu kijana wa miaka 22 akapelekwa Cairo kuwa balozi. Waliopindua nchi walimwamini. Wewe wa leo unamkatalia lipi?

La 2005 ndilo linalonichoma hasa. Alipoomba kuteuliwa na CCM kugombea urais wa Muungano, watu walisambaza maneno kwamba alikuwa na mkono katika kuuliwa Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, Aprili 1972. Subhanallah! Mtu yuko New York, balozi wa Tanzania Umoja wa Mataifa tangu 1970, na mwaka huohuo wa 1972 kakabidhiwa uenyekiti wa ile kamati ya kuondoa ukoloni. Kumzulia Muislamu mwenzio damu ya mtu kwa ajili ya kura za chama! Mpaka leo sijamsikia hata mmoja wao akisimama hadharani kusema, "Tulimdhulumu." Uteuzi akapata Kikwete, hilo ni haki ya wajumbe wala sigombani nalo. Nnagombana na uzushi.

Na hilo la nasaba, ati "Mwarabu". Kazaliwa Pemba hapahapa 1942. Hebu nendeni Wete, nendeni Chake, mkamhesabu asiye na babu aliyetoka ng'ambo, akiwa wa Oman, wa Hadhramaut, wa Ngazija au wa Mrima. Tukianza kupimana damu atabaki nani?

Nje hawakumuuliza babu yake. 1979 alichaguliwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. 1981 akagombea ukatibu mkuu. Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu duru baada ya duru, na China nayo ikimzuia Waldheim, katibu mkuu wa wakati huo, mpaka wote wawili wakakaa pembeni akapita Pérez de Cuéllar wa Peru. Marekani angalau tunaijua sababu yake: ilikuwa haijasahau jinsi alivyopigania China irudishiwe kiti chake 1971. Sisi sababu yetu nini? Sokoine alipofariki Aprili 1984, Nyerere alimpa yeye uwaziri mkuu. Kisha OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikamchagua Katibu Mkuu 1989 na kumrudisha mara mbili, mpaka 2001. Hakuna mwengine aliyekaa pale vipindi vitatu. Afrika Kusini imekuwa huru yeye yuko ofisini Addis Ababa, Umoja wa Afrika umeasisiwa yeye yuko palepale.

Wapo pia wa "Pemba katuletea nini?" Nyinyi mnanikera vilevile. Balozi hachimbi visima! Barabara na maji wadaini mawakilishi na wabunge mliowapigia kura.

Nnachotaka ni hivi. Mwenye ushahidi wa lile la 1972 auweke hapa, kwa jina lake. Asiye nao asilirudie tena, wala hapa wala barazani. Na nyinyi walimu wa historia wa Unguja na Pemba, nambieni bila kunificha: mtoto anamaliza kidato cha nne kwenu akiwa kafundishwa nini juu ya mtu huyu?