Naombeni ushauri: ochazuke yangu inakuwa chungu

Habari zenu wapishi. Niko Osaka, na nikichelewa kutoka kazini huwa namalizia kiporo cha wali kwa ochazuke: wali kwenye bakuli, samaki salmoni wa kuchoma niliyemchambua, vipande vya nori (mwani mkavu), umeboshi moja (tunda la ume lililokolezwa chumvi), kisha namwagia chai ya kijani ya moto.

Shida ni chai yenyewe. Natumia sencha. Nikiitia maji yanayochemka inatoa uchungu unaofunika hata chumvi ya samaki. Maji yakipoa hadi nyuzi 80 hivi, nikailoweka dakika moja tu, uchungu unapungua, lakini bakuli zima linakuwa vuguvugu na wali wa friji unabaki na kiini kigumu. Nimejaribu kuupasha wali kwanza kwenye maikrowevu. Huo ukakaa sawa, ila mchuzi ni mwepesi mno, kama maji ya kusuuzia kikombe. Vile vipakiti vya ochazuke vya dukani sivitaki, chumvi yake imezidi.

Je, nihamie hojicha (chai ya kijani iliyokaangwa) au genmaicha (chai ya kijani yenye mchele uliokaangwa), maana hizo zinavumilia maji ya moto zaidi? Na mnaochanganya chai na dashi (supu ya mwani na samaki mkavu), mnaweka kiasi gani ili ladha ya chai isipotee?