Oili ya difu: 80W-90 au 85W-140?

Mkazi wa Njiro
Wakuu, habari zenu. Jumamosi gari langu linaingia gereji kubadilishwa oili ya difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu), na fundi ameniagiza ninunue mwenyewe. Dukani Unga Limited nimeonyeshwa 80W-90 na 85W-140, zote GL-5 (daraja la oili ya gia), na muuzaji anasisitiza kwamba kwa barabara zetu za vumbi, oili nzito, yaani hiyo 140, ndiyo salama. Nichukue ipi?

Fundi wa Majengo, Moshi
Ndugu, gari lenyewe hujalitaja. Ni aina gani, ni difu ya mbele au ya nyuma, na je, ni ya kawaida au ina LSD, yaani ile inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake? Vumbi halihusiki, kwani haliingii ndani ikiwa sili (mpira wa kuzuia uvujaji) ni nzima.

Dereva wa Karatu
Mimi natetea 140. Gari la watalii likiwa limejaa, likipanda kutoka kreta ya Ngorongoro, difu huchemka na oili nyepesi hushindwa kushika meno ya pinioni, ile gia ndogo ya difu. Tangu nihamie nzito, mvumo umepungua.

Fundi wa Majengo, Moshi
Mvumo kupungua si dalili ya kupona, kaka, kwa kuwa oili nzito huficha sauti ya beringi iliyochoka. Namba yenye W inahusu baridi tu, na 80W hupimwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, baridi ambayo Arusha haijapata kuiona. Tazama namba ya pili, inayohusu uzito wa oili ikiwa moto, kisha uilinganishe na kitabu cha gari.

Mama Usa River
Mnabishania uzito mkasahau maji. Gari letu la shamba lilivuka korongo lililofurika upande wa Mto wa Mbu difu ikiwa ya moto. Hewa ya ndani ilipopoa ghafla ikasinyaa, na kwa kuwa kipumulio (tundu la hewa la difu) kilikuwa kimezibwa na tope, maji yakavutwa kupitia kwenye sili. Dereva alinyamaza. Mvumo ulipoanza, fundi mmoja akashauri tuweke oili nzito, nasi tukaendelea kulitumia hadi mwingine alipofungua nati ya chini, ikatoka oili yenye rangi ya chai ya maziwa, huku sumaku ya nati imejaa vipande vya chuma. Beringi, pinioni na krauni (gia kubwa ya difu) zote zilibadilishwa, gharama ambayo sitaki hata kuitaja hapa.

Mkazi wa Njiro
Pole sana, mama. Langu ni Hilux, difu ya nyuma. Hiyo LSD sijui nitaitambuaje.

Fundi wa Majengo, Moshi
Zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi, inua ya nyuma yote mawili juu ya stendi, weka gia huru, achia breki ya mkono, kisha zungusha gurudumu moja. La pili likirudi kinyume, difu ni ya kawaida. Likifuata upande uleule, huenda ni LSD, nayo inahitaji oili yake maalumu, la sivyo gari litatetemeka kwenye kona. Hakikisha pia nati ya kujazia inafunguka kabla ya kumwaga ya zamani.

Mkazi wa Njiro
Nashukuru. Je, itakayobaki naweza kuiweka kwenye gia boksi?

Dereva wa Karatu
Mimi huweka hiyohiyo kote.

Fundi wa Majengo, Moshi
Usifanye hivyo kabla ya kusoma kitabu. Gia boksi nyingi za mkono zinataka GL-4, kwa sababu baadhi ya viungo (kemikali za nyongeza) vya GL-5 hula shaba ya sinkronaiza, pete zinazolinganisha mwendo wa gia.

Dereva wa Karatu
Yangu haijaliwa mpaka leo, fundi.