Fundi kanifungia kioo cha kawaida kwenye laptop ya kukunja, tachi imekufa, 450,000 kala

Wakuu nina hasira mpaka usingizi hauji.

Naishi Sengerema, kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na mashine yangu ni zile laptop za kukunja mpaka nyuma inakuwa tableti, unachora kwa peni juu ya kioo. Mtoto wa dada aliikalia, kona ya chini ikapasuka na mstari mweusi ukapanda mpaka katikati, ila tachi ilikuwa inashika na peni inaandika vizuri tu. Nikavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga nikaenda Mwanza mjini, kwenye duka moja maeneo ya Makoroboi, nikamwambia jamaa wazi kabisa, kaka mimi bila tachi sina kazi. Akasema usijali bro, kioo kamili na tachi yake 450,000, toa advansi 300,000 niagize Dar. Nikatoa.

Siku tatu zikawa wiki mbili na nusu, kila nikipiga mara mzigo uko kwenye basi, mara umeme umekatika, mara njoo kesho, na hiyo kesho kwangu ni nauli ya kivuko kwenda na kurudi na siku ya kazi imeenda. Siku ya kuchukua akaniwashia, picha safi, nikamalizia 150,000 nikawahi kivuko.

Nafika nyumbani nagusa, kimya. Peni, kimya. Naingia kwenye Windows kule kwenye orodha ya vifaa, skrini ya kugusa haipo kabisa, na hizi mashine ukizikunja kibodi inajizima yenyewe, kwa hiyo bila tachi ukishakunja huna pa kubonyeza, umekwama hapo hapo. Nampigia ananiambia eti hiyo ni programu, piga Windows upya. Nimepiga usiku kucha, bando limeisha, hakuna kitu.

Asubuhi nikamulika pembeni na tochi ya simu. Kona ya juu imeshikiliwa na selotepu ya pande mbili, na chini ya kioo kuna alama ya dole gumba, mistari yake yote inahesabika, nafuta haifutiki kwa sababu iko ndani!! Fundi mwingine wa Nyegezi kanifungulia, waya wa tachi umeachwa umekunjwa humo ndani haujachomekwa popote, kwa sababu hicho kioo hakina pa kuuchomeka. Akanielewesha kwamba mashine nyingi za hivi kioo cha juu, tachi na paneli ya picha vimegandishwa pamoja toka kiwandani, vinabadilishwa kwa pamoja kama kitu kimoja na ndio maana bei yake imesimama. Yule wa kwanza kafunga paneli ya kawaida kaegesha kioo kitupu juu yake, kachukua hela ya kile kingine. Huo ni wizi, sina neno lingine.

Nikamwambia basi nirudishie kioo changu cha zamani, anasema kilishatupwa. Kitupwe vipi wakati tachi yake ilikuwa nzima, na ni mali yangu, nani alimruhusu? Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakunipa, nina kikaratasi cha mkono tu kimeandikwa "kioo 450,000", na mimi kwa haraka ya kivuko nikakipokea.

Wenye mashine za kukunja, kabla hujaiacha kwa fundi piga picha kila upande, mwambie kioo cha zamani unaondoka nacho, na siku ya kuchukua gusa kona zote nne, pitisha peni, ikunje mpaka mwisho na uizungushe kabla hujatoa hata mia.

Jumamosi navuka tena, wa Nyegezi kakubali twende wote, nataka 450,000 yangu kamili, sitaki habari ya njoo kesho. Aliyewahi kupeleka shauri kama hili Tume ya Ushindani (FCC, wale wanaolinda walaji) naomba aniambie alianzia wapi na alidaiwa karatasi gani. Kuna mama wa Katunguru ameshamwaga mawe na mchanga saiti, mafundi wake wamekaa, wanasubiri ramani yangu.